Kasongo: Mwenzio Asipokuwapo, Unamwitaje?

Ukimuuliza mtu wa Kasongo kama Waislamu na Wakristo wa huko wanaelewana, jibu linakuja kabla hujamaliza swali: huku hakuna udini, sisi ni ukoo mmoja. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, ni kazi kupata ukoo wa dini moja tupu. Mjomba ni katekista, shangazi kahiji, mdogo wao wa mwisho anaimba kwaya katika kanisa la uamsho lililoezekwa kwa turubai, na wote wanakutana kwenye kilio kimoja na kula sufuria moja. Kasongo ni makao ya jimbo la Kikatoliki tangu mwaka 1959, na ndio mji ambao Waislamu wa Kongo nzima huutaja wakiulizwa dini yao iliingilia wapi. Hakuna anayeweza kumwambia mwenzake ahame.

Hata hivyo, jibu linalokuja haraka namna hiyo linanitia shaka. Adabu ya uso kwa uso tunayo, hata tukaweza kuwauzia majirani. Ninachouliza ni maneno yanayosemwa mlango ukishafungwa: kwenye darsa baada ya alasiri, kwenye mafundisho ya ubatizo, kwenye mkesha wa Ijumaa usiku. Kwa hiyo nimewaketisha watu watano barazani nikawaacha wabishane. Sauti nimezitunga mwenyewe kutokana na hoja zinazozunguka mjini kila siku. Mtu asijitafute humo. Tuseme ni siku ya tatu ya kilio cha jirani. Hitima imesomwa, wali umeliwa, mvua imewazuia watu kutawanyika.

MWALIMU anafundisha madrasa. KATEKISTA ni wa parokia. MAMA, muuza mchele sokoni, ni dada yake Katekista, na ameolewa na kaka yake Mwalimu. Kwa hiyo wanaume hao wawili wanaitana shemeji. KIJANA ni mpwa wa Mwalimu, anaendesha pikipiki kati ya Kabambare na Kasongo, na simu yake imejaa mawaidha ya mashehe wa mbali. MZEE amekaa pembeni karibu na nguzo. Hakubatizwa, wala hakusilimu.

KATEKISTA: Shemeji, kabla mvua haijakatika, nina neno. Jana huyu mpwa wako alikuwa akisikiliza mawaidha kwenye simu, sauti juu, hapahapa uani. Shehe yule kila pumzi ni makafiri, makafiri. Akina mama wa parokia walikuwa wakipepeta mchele wa kilio chenu. Walinyamaza. Walipofika kwao hawakunyamaza.

KIJANA: Baba Katekista, mimi sikumtaja mtu. Na neno lenyewe si langu, ni la Qur'ani. Iko sura nzima yenye jina hilo. Niifute?

MWALIMU: Hakuna aliyekuambia uifute. Ila ukiisoma, isome hadi mwisho. Sura hiyo inaishia kwa kumwachia kila mtu dini yake. Kisha fungua Suratul Hujurat, aya ya 11, uone Waislamu walivyokatazwa kudharauliana na kupachikana majina mabaya.

KIJANA: Hapo wanasemwa waumini kwa waumini, mjomba.

MWALIMU: Haya, nenda Suratul An'am, aya ya 108. Hao hata si Watu wa Kitabu, ni waabudu masanamu, na bado Muislamu amekatazwa kuwatukania miungu yao, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu bila kujua. Hukumu ya imani ya mtu ni mlango mmoja. Kumwita muuza sombe "we kafiri" kwa sababu amekataa kukupunguzia bei ni mlango mwingine kabisa. Ule wa kwanza una elimu yake na wenyewe. Huu wa pili ni matusi, na sijui ni lini matusi yalifanywa kuwa ibada.

Mwalimu hayuko peke yake. Mwaka 2019 maulamaa wa Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa kabisa ya Waislamu wa Indonesia, walikutana mjini Banjar na kutoa msimamo kwamba katika maisha ya nchi moja asiye Muislamu asiitwe kafiri. Aitwe raia, kama raia yeyote. Hawakuligusa neno ndani ya msahafu wala katika elimu ya itikadi. Walilitoa barabarani. Nilipoiweka habari hiyo mezani, Kijana alikuwa na jibu tayari.

KIJANA: Mashehe wa Indonesia hawakunisomesha mimi. Na ukianza kulegeza neno, kesho utalegeza swala.

KATEKISTA: Mwanangu, sisi neno tulilegeza, na misa ipo. Ijumaa Kuu ya zamani tulikuwa tukiwaombea Mayahudi kwa sala iliyowaita wasio na imani ya kweli, tena kwa neno la Kilatini lililokuwa limeshageuka tusi. Papa Yohane wa 23 akaliondoa mwaka 1959. Hakuna Mkatoliki aliyeamka kesho yake akiwa Myahudi. Na tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa waraka unaotuagiza kuwatazama Waislamu kwa heshima, kwa kuwa wanamwabudu Mungu mmoja.

KIJANA: Waraka upo Roma. Mimi nipo Kabambare. Je, mchungaji wa kanisa la turubai ameusoma? Anafunga spika mbili usiku, anasema Waislamu wanaabudu jini na Makka ni kwa shetani. Hapo hakuna anayelia heshima. Sisi tukisema neno moja, ni kikao.

KATEKISTA: Yule si wa kwetu.

KIJANA: Na shehe wa kwenye simu si wa kwetu. Lakini mimi umeniita.

Hapo Kijana alimshika. Ni tabia yetu sote: maneno mabaya ya upande wetu ni ya "wale wengine", ya upande wa pili ni ya dini yao nzima. Tangu mauaji ya kundi lenye silaha la ADF yazidi katika misitu ya Beni na Ituri, Muislamu wa Maniema, aliye mbali na msitu ule kwa siku za safari, hutupiwa jina la kundi hilo kwa mzaha, na mzaha wenyewe huwa nusu tu. Wanaotania hivyo wangekumbuka kwamba Shehe Ali Amini, aliyekuwa akiwalaani wauaji hao hadharani, alipigwa risasi ndani ya msikiti mjini Beni tarehe 1 Mei 2021, watu wakiwa katika swala. Alikuwa akisema kile ambacho wenye mizaha wanadai Waislamu hawakisemi.

MWALIMU: Shemeji, na mimi nina langu dogo. Mnapomtaja Mtume wetu mnasema "Mohamedi", kavu hivyo, kama mnamwita mtoto aje kuchota maji.

KATEKISTA: Nikisema "Mtume" nimeshatoa nusu ya shahada yako, shemeji. Nitasemaje?

MAMA: Sema "Mtume wao". Miaka yote nakaa nyumba ya Waislamu, rozari yangu ipo ukutani, na nasema "Mtume wenu" mchana na usiku. Sijasilimu, na hakuna aliyekasirika.

MWALIMU: Imekubalika. Na mimi nikisema "Nabii Isa", usione nimemshusha Yesu wako. Kwangu hapo nimempandisha mpaka mwisho wa ngazi niliyonayo.

KATEKISTA: Najua. Kinachoniuma ni pale mwalimu wa darsa anapowacheka watoto wetu, "Mungu wenu alizaliwa akanyonya". Kukataa imani yangu ni haki yako. Kuicheka mbele ya watoto ni kuwafundisha watoto.

Mwalimu hakujibu hapo. Nadhani alimfahamu mwalimu huyo wa darsa.

Mama ndiye aliyeligeuza baraza, na aliligeuza kwa jambo ambalo wanaume wawili hao wamelikwepa kwa adabu tangu wawe mashemeji. Leo asubuhi kulichinjwa mbuzi watatu. Kama kawaida ya vilio vya mchanganyiko, kisu kilishikwa na Muislamu, ili wote wale. Vijana wa parokia walishika miguu, walichuna, walikata nyama, walikoka moto. Kisu hawakukigusa.

MAMA: Niwaulize, enyi wenye vitabu. Kaka yangu anakula nyama ya shemeji yake kila kilio. Shemeji amewahi kula nyama aliyochinja kaka yangu? Krismasi iliyopita kaka alichinja jogoo, akanipa nusu niwaletee. Niliwaletea?

KATEKISTA: Hukuwaletea?

MAMA: Nilikula na watoto wa jirani. Nilijua akipewa atasema ahsante, atamfunika, na usiku atapelekewa mtu mwingine. Nikaona nisimpe shemeji kazi ya kudanganya.

MWALIMU: Chakula cha Watu wa Kitabu kimehalalishwa katika Suratul Maida, aya ya 5. Sitaficha elimu. Lakini maulamaa wana masharti yao juu ya namna ya kuchinja, na mazoea ya watu wetu ni magumu kuliko aya.

KATEKISTA: Basi hilo ndilo nililotaka kulisikia, si jogoo. Kwamba ni mazoea. Vijana wetu wanaamini kwamba mikono yetu ni najisi kwenu.

Suala la kisu si dogo. Wale wanaodhani ni ugomvi wa tumbo wakumbuke Buseresere, mkoani Geita, Tanzania, Februari 2013: mabishano ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya biashara yalifika mapanga, na mchungaji mmoja akauawa. Kabla ya damu yalitangulia maneno. Maoni yangu, na najua nitapingwa: Muislamu kushika kisu katika kilio cha wote ni utaratibu mzuri, udumu. Ila ukiachwa bila maelezo, unasomeka vibaya na mtoto anayeshika miguu ya mbuzi. Mtoto huyo anastahili kuambiwa na Mwalimu mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba anayechinja anafanya hivyo kwa sharti la ibada yake na kwamba mkono wa anayeshika miguu hauna kasoro. Maneno mawili tu. Hayasemwi, kwa sababu tunadhani kukaa kimya juu ya jambo ndiyo heshima.

MWALIMU: Nitasema, shemeji. Kilio kijacho nitasema. Lakini na wewe kuna neno utaniondolea. Shuleni kwenu mtoto wangu ameitwa Mwarabu.

KATEKISTA: Na mwalimu?

MWALIMU: Na wenzake. Mwalimu alikuwa akifundisha historia.

Hapa lazima niingilie, kwa kuwa historia ya mji huu ni mfupa katika koo za wote. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamwita Tippu Tip, alikuwa mtu wa Zanzibar aliyeifanya Kasongo makao yake makuu ya biashara ya pembe na watumwa. Aliokuja nao kutoka pwani walikuwa wachache. Waliobeba bunduki zake, waliolima mpunga wake, walioswali nyuma yake na kujiita waungwana, wengi wao walikuwa wa Maniema hiihii. Aprili 1893 jeshi la Dola Huru la Kongo chini ya kamanda Dhanis liliiteka Kasongo, na Januari 1894 ikaanguka Kabambare. Huko Ubelgiji vita hivyo viliimbwa kama vita vya kukomesha utumwa. Katika mji wa pwani wa Blankenberge ipo mpaka leo sanamu ya Lippens na De Bruyne, Wabelgiji wawili waliouawa Kasongo mwaka 1892. Waliovifadhili vita hivyo walikuwa wakati huohuo wakikusanya mpira kwa mjeledi katika misitu ya magharibi, lakini kwa hilo hawakujengewa sanamu.

Baadaye ikaja shule. Wabelgiji waliikabidhi elimu kwa misheni, na shule ya misheni ilikwenda na ubatizo. Wazazi Waislamu wengi waliona heri mtoto abaki na chuo chake cha Qur'ani kuliko arudi nyumbani na jina jipya. Shule za serikali kwa watoto Waafrika zilianza kufunguliwa mwaka 1954, miaka sita tu kabla ya uhuru. Kwa hiyo kulikuwa na kizazi kizima cha watu waliokuwa wakisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambao serikali iliwahesabu hawakusoma. Na tarika ya Kadiriya ilipoingia Maniema kutoka Ujiji, watawala waliiona kama njama. Ndiyo maana "Mwarabu" shuleni si neno la kuchezea. Linamwambia mtoto wa Kibangubangu kwamba ni mgeni katika ardhi ya babu yake, tena mgeni aliyekuja na minyororo.

KATEKISTA: Hilo nalichukua, shemeji. Nitaongea na mwalimu wa historia. Lakini na wewe usinifutie historia. Utumwa ulikuwapo.

MWALIMU: Ulikuwapo. Walikuwa wafanyabiashara. Dini haikuwatuma.

KATEKISTA: Na wamisionari hawakumtuma Mfalme Leopold. Unaona tunavyojibu kwa namna moja?

MAMA (anacheka): Ndiyo maana ni mashemeji.

MZEE: Mmemaliza?

Wote wakanyamaza. Mzee hakuwa amesema neno tangu mvua ianze.

MZEE: Kule Nyangwe, kando ya Lualaba, palikuwa na soko. Wanawake walikuja kwa mitumbwi na samaki, vyungu, mawese, kuku. Siku moja watu wenye bunduki waliingia sokoni wakafyatua.

Mzee hasomi, lakini tarehe ipo: 15 Julai 1871. David Livingstone alikuwapo akaandika. Wenye bunduki walikuwa watu wa mfanyabiashara Dugumbe, na wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wanawake waliozama mtoni wakikimbia.

MZEE: Shemeji mmoja anaitaja Nyangwe kuonyesha ubaya wa Waislamu. Shemeji wa pili anaitaja kuonyesha kwamba ni biashara tu. Sijasikia hata siku moja mtu akiuliza wale wanawake waliamini nini. Hawakuwa wa msikiti. Hawakuwa wa misheni. Walikuwa wa dini yangu. Mnabishana juu ya wafu wangu bila kunipigia hodi.

MWALIMU: Samahani, babu.

MZEE: Ngoja. Nimewasikiliza tangu adhuhuri. Huyu asiitwe kafiri, yule asiitwe Mwarabu, huyu aseme "Mtume wao", yule asicheke Yesu. Vizuri. Mimi mnaniitaje?

Hakuna aliyejibu.

MZEE: Madrasa inaniita mshirikina. Misheni inaniita mpagani. Kanisa la turubai linaniita mchawi. Na nyote mkikasirika na mtoto mchafu mnamwita mshenzi, na nyote mnajua neno hilo waungwana walimwita nani kwanza. Juu ya hilo hamjawahi kupigana. Mmeungana.

KIJANA: Lakini babu, nisikufiche. Kwetu kutambikia mizimu ni shirki. Hakuna dhambi kubwa zaidi. Nikikaa kimya nimekuhini.

MZEE: Sikukwambia ukae kimya, mjukuu wangu. Njoo nyumbani kwangu, kaa kwenye kigoda changu, kula ndizi yangu, uniambie usoni: babu, unachofanya ni kosa mbele ya Mungu. Nitakusikiliza, nami nitakujibu. Ninachokataa ni hiki: unapita kijijini kwangu na pikipiki, unanunua mafuta kwa mjukuu wangu, ukifika Kabambare unawaambia wenzako umepita kwa washenzi. Na wakati homa ya mwanao ilipokataa dawa za zahanati, nani alikuja usiku wa manane kugonga? Mchana mimi ni mchawi. Usiku mimi ni babu.

KATEKISTA: Sisi pia, mzee, katekisimu yetu...

MZEE: Ndugu zetu Walega wa Pangi walikuwa na Bwami. Cheo kwa cheo, mtu alifundishwa maadili kwa methali, ngoma na sanamu ndogo za pembe, mume na mke wakipanda pamoja. Mzungu akaipiga marufuku mwaka 1933, akarudia mwaka 1948, akisema ni chama cha siri chenye hatari. Sanamu zenyewe alizibeba. Nasikia ziko Ulaya kwenye vioo, watu wanalipa kuziangalia. Pale zinaitwa sanaa. Hapa mwenye nazo anaitwa mpagani.

Nakiri kwamba nilipowaketisha watu hawa nilitaka mjadala wa pande mbili, na Mzee nilimhesabu kama shahidi tu. Hoja yake ndiyo iliyobaki bila kujibiwa, na sikuona namna ya kumjibia Mwalimu wala Katekista. Mwalimu alijaribu kusema kwamba Uislamu una hadhi maalumu kwa Watu wa Kitabu, na wasio na kitabu ni mlango mwingine. Ni kweli kifikihi. Lakini ile aya ya 108 aliyoitoa mwenyewe mwanzoni ilishuka juu ya waabudu masanamu, si juu ya Wakristo. Katekista alikuwa na hali hiyohiyo: waraka wa mwaka 1965 hauishii kwa Waislamu na Mayahudi, mwanzoni unawataja watu ambao tangu kale hadi leo wanaihisi nguvu iliyojificha nyuma ya mambo, na unasema Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo. Kila mmoja alikuwa na andiko linalomtetea Mzee, na wote wawili walikuwa wamelitumia kumtetea shemeji.

Sababu naiona. Heshima baina ya Mwalimu na Katekista inalindwa na Mama, na watoto wa Mama, na mbuzi watatu. Kila neno baya lina gharama nyumbani. Isitoshe, kila mmoja ana jengo lake, siku yake ya juma na wanaume mia wanaoweza kukusanyika akitukanwa. Tanzania walilijua hilo Februari 1998 pale Mwembechai, Dar es Salaam: malalamiko kwamba mihadhara ya msikitini inakashifu Ukristo yaliishia kwa polisi na risasi, watu wakafa, na nchi nzima ikajifunza kuchunga ulimi kwa hofu. Sheria ya huko inaadhibu maneno ya kuumiza hisia za dini. Ni vema. Lakini sijasikia mtu akipelekwa mahakamani kwa kuwaita watambikaji washenzi. Mzee hana Ijumaa wala Jumapili. Akitukanwa hakuna kikao.

Na tusidhani ulimi uliozoea kumtukana Mzee utatulia hapo. Kijana alianza na makafiri, akaja kwa babu yake, na kabla mvua haijakatika alikuwa amemfikia mjomba.

KIJANA: Hata nyie mnaopiga dufu kwenye dhikri, mjomba, wengine wanasema mko karibu na mizimu kuliko Sunna.

MWALIMU: Wengine ni akina nani?

KIJANA: Wa kwenye simu.

MAMA: Ndiyo hivyo. Ameanza kwa kaka yangu, sasa yuko kwako. Mnyang'anye hiyo simu.

MZEE: Usimnyang'anye. Mwambie akisikiliza neno juu ya mtu, aende akaliseme mbele ya mtu huyo. Litakalokuwa zito kinywani, aliteme.

Sina kipimo bora kuliko hicho cha Mzee, na nakipeleka kama ombi kwa maimamu, makatekista na wachungaji wa Kasongo na Kabambare. Hutuba ya Ijumaa, mafundisho ya ubatizo na mkesha vyote huandaliwa. Mnapoandaa jambo linalowahusu watu wasiokuwamo ndani, mtafuteni mmoja wao, ketini naye, mumwambie mtakachosema. Kataeni imani yake mkipenda. Ikataeni kwa maneno anayoweza kuyasikia na akabaki kwenye kigoda. Walimu wa historia nao wafanye vivyo hivyo wanapofika mwaka 1871 na mwaka 1893, darasa likiwa na watoto wa pande zote tatu. Na mtakapomtafuta huyo wa kuketi naye, msianze na shemeji. Shemeji mnaelewana tayari.

Kongo ina meza rasmi ya madhehebu 8: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu, Waorthodoksi, Jeshi la Wokovu, makanisa ya uamsho na makanisa huru. Mwaka 2021 meza hiyo ilipotakiwa kumpendekeza mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, iligawanyika mbele ya nchi nzima: madhehebu 6, Waislamu wakiwamo, yalimtaka Denis Kadima, na Wakatoliki pamoja na Waprotestanti wakamkataa. Walibishana kwa miezi, kila mmoja akiitwa kwa jina alilojipa mwenyewe. Dini ya Mzee haikuwa mezani, hata kwa kupingwa.